Marahaba ya Kwemgogo

Asiyeamini asiamini, sili kwake. Akitaka ushahidi aje Mabawa aulize nyumba ya Bi Mwatum, nimwonyeshe kizingiti. Bado hakijakauka.

Siku tuliyoondoka Tanga haikuwa na lolote. Niliamka, nikafagia uwanja, nikachemsha chai ya rangi bila sukari, maana sukari miaka ile ilikuwa ya kusimuliwa, kisha nikamgonga Luqmani miguu kwa ufagio aamke. Luqmani alikuwa mwana wa mdogo wangu Chiku. Chiku alikufa mwana angali anatambaa, nikamlea mimi. Wanangu wananiita mama, wajukuu wananiita bibi, majirani wananiita wanavyotaka. Luqmani aliniita Mama Mkubwa. Chiku hakuacha mwingine, kwa hiyo duniani kote alikuwa yeye peke yake wa kuniita hivyo.

Huyo kijana alikuwa na miguu. Watu wengine wana miguu ya kuwafikisha sokoni. Yeye alikuwa na miguu. Akiwa na mpira hata mabibi waliokuwa hawajui goli ni lipi walisimama. Ndio kwanza vitu vya nje vilikuwa vinaruhusiwa kuingia, marobota ya mitumba yanafunguliwa chini, watu wanavaa makoti ya sufi katika joto la Tanga na jasho linawatiririka, ili mradi waonekane. Mimi nilipekua robota mpaka kucha zikauma, nikampatia Luqmani njumu za kuchezea mpira. Kafa Ulaya, lakini nzima, meno yake yote yamo.

Jumamosi ya wiki ile timu yake ilikuwa na mechi, na wakubwa wa mpira wangekuja kutoka Dar es Salaam kumtazama yeye. Akiwapendeza, anachukuliwa timu ya taifa. Asipowapendeza, anakwenda kukata mkonge kama babake, aliyekufa mgongo umepinda kama jembe. Hakukuwa na njia ya katikati.

Mwalimu wao, Jumbe, alikuwa ameona gazetini kwamba wachezaji wa Ulaya hupanda milima kutafuta pumzi.

"Kule juu hewa ni nyembamba, Bi Mwatum," akaniambia. "Mapafu yanapanuka."

"Mwalimu, hawa hawapungukiwi na pumzi. Wanapungukiwa na wali."

Akacheka, akanifanya mpishi wa kambi. Ndivyo nilivyokwenda. Tulipanda lori la majani ya chai pale Muheza, vijana wamekaa juu ya magunia wanamenya machungwa na kuimba, mimi na sufuria langu na unga wa njano wa msaada, na kadiri lori lilivyopanda ndivyo nyimbo zilivyopungua. Baridi iliwaingia. Watu wa pwani tukipata baridi tunakuwa na adabu.

Tulifikia kwa mama mmoja wa Kisambaa, Mama Kristofa, mwenye nyumba kubwa ya mabati kandokando ya msitu. Watu wa kule hawana haraka na salamu. Atakuuliza umeamkaje, nyumbani wameamkaje, mbuzi wameamkaje, mpaka chai ipoe. Nilimpenda kwa hilo.

Kwa hiyo nilishangaa asubuhi yake aliponivuta pembeni ya jiko.

"Mnakwenda Kwemgogo?"

"Mwalimu anataka wapande vilele vya juu ya ziwa."

"Kuna gogo limelazwa juu ya kijito. Mkishalivuka, msimsalimie mtu."

"Hata nikikutana na wewe?"

"Hata mimi. Huko tunapishana kama mbuzi."

"Kwa nini?"

Akapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Nikasema moyoni, mlima huu umewaharibu. Lakini mgeni hatukani desturi ya mwenye jiko. Nikawakusanya vijana, nikawaambia: mkivuka gogo, hakuna kusalimia mtu.

Golikipa wao, Kombo, Mpemba mwenye mikono kama makasia, akashika kiuno. "Kwani huko kuna nani, Mama? Nyani? Mie nyani simwamkii hata akiwa na mvi."

"Mpemba anaogopa mlima," nikamwambia. "Basi dunia imekwisha."

"Siogopi. Nauheshimu kwa mbali."

Luqmani alicheka mpaka akakaa chini. Nakumbuka kicheko kile, maana alikaa akifunga kamba za njumu.

Tukapanda. Gogo tulilivuka, kubwa, jeusi, lina ukoga wa kijani kama manyoya. Baada ya pale hata vijana walipunguza sauti bila kuambiwa. Vilele ni vitatu na vimelizunguka ziwa kama mafiga yanavyozunguka chungu. Wenyeji wanaviita hivyo hivyo, Mafiga. Tulipanda kile cha katikati. Jumbe alikuwa akipiga filimbi, vijana wakikimbia, na Luqmani mbele yao wote, anaruka mizizi kana kwamba mlima ni ngazi ya msikiti. Mimi nilipanda kwa makalio na matusi.

Kileleni palikuwa pazuri, siwezi kusema uongo. Chini yetu ziwa, limetulia, jeusi kama maji ya kunde. Ng'ambo, mashamba ya mkonge yamechanwa mistari, na mbali kabisa bahari inang'aa kama ukingo wa sahani. Luqmani alikaa juu ya jiwe lililotokeza, miguu inaning'inia hewani.

"Mama Mkubwa, nyumbani ni wapi pale?"

"Pale penye joto," nikamwambia. "Shuka hapo kabla hujanipa kazi ya kuokota."

Njia ya kurudi inapita ukingoni mwa ziwa. Ilikuwa adhuhuri, jua la kutosha, kisha ukungu ukashuka ghafla kama mtu aliyefunika chungu. Waliotangulia na Jumbe tuliwasikia wakicheka mbele. Halafu hatukuwasikia. Tukabaki watatu. Luqmani mbele, Kombo nyuma yake, mimi wa mwisho na sufuria langu kichwani.

Ndege walikuwa wamenyamaza. Sijui walinyamaza saa ngapi.

Akatokea kikongwe. Mwanamke, mzee kuliko mimi nilivyo leo. Kaniki kifuani, mzigo wa kuni kichwani, anapanda tunakoshukia. Kuni zilikuwa kavu. Yeye alikuwa amelowa, tangu magotini kwenda chini.

Luqmani akampisha. Hakumsalimu. Alikumbuka, nilimwona amebana midomo kama mtoto anayenyweshwa kwinini.

Kikongwe akasimama mbele yake. Akatua kuni. Akainama. Akainama mpaka chini kabisa.

"Shikamoo, baba."

Sasa nisikilize vizuri. Sisi watu wa pwani tumefundishwa tangu chuo cha Kurani, na fimbo juu yake: kusalimu ni suna, kuitikia ni faradhi. Salamu unaweza kumnyima mtu ukabaki mtu. Jibu huwezi. Tulikatazwa kusalimia. Habari ya kuitikia hakuna aliyeitaja. Tena salamu yenyewe iko kichwa chini miguu juu, kikongwe kumwamkia kijana wa juzi. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungecheka. Naye alicheka.

"Marahaba, mwanangu!" akasema Luqmani. "Hujambo?"

Kombo naye akacheka, cheko la mtu asiye na pumzi.

Kikongwe hakucheka. Alikuwa bado yuko chini. Alikuwa ameshika miguu. Neno shikamoo sisi tunalitamka tu kila siku, tumesahau lina mikono. Yeye alishika. Mkono huu mguu huu, mkono huu mguu huu, taratibu, kama mtu anayejaribisha viatu dukani.

"Ahsante," akasema.

Sauti yake ilikuwa imepungua miaka.

Akajitwika mzigo, akapita. Mimi hakunisalimu. Alinuka tope la chini ya mtungi.

Niligeuka kumtazama. Sikupaswa, lakini niligeuka. Alikuwa anapanda peku, nyayo zake niliziona kwa macho yangu, tupu, nyeupe kwa maji. Njia ilikuwa tope laini. Na pale alipokanyaga, tope lilibaki na alama za meno ya njumu.

Nikatazama mbele, alikopita Luqmani na viatu vyake.

Nyayo za peku. Ndogo. Visigino vimechanika.

Nikawaharakisha mpaka tukavuka gogo.

Kambini Luqmani alikaa mbali na wenzake. Wengine walikuwa wanapigania ugali. Akanikonyeza nimfuate nyuma ya nyumba, Kombo akatufuata. Akafungua kamba. Njumu zilitoka zenyewe, zilikuwa zimempwaya.

Mpaka kwenye kifundo alikuwa Luqmani. Chini ya kifundo hakuwa. Miguu ya kikongwe. Ngozi imekunjamana kama ya mfuaji, magaga ya kuingiza kidole, kidole gumba cha kushoto hakina kucha. Na ilikuwa imelowa. Nikaifuta kwa kanga yangu. Ikalowa tena.

"Mama Mkubwa," akaninong'oneza, "hii si yangu."

"Naona."

"Jumamosi..."

"Nyamaza."

Kombo alikuwa ametazama upande. "Funika," akasema. "Tafadhali, ndugu yangu. Funika."

Nikamwita Mama Kristofa. Alitazama mara moja, akarudi nyuma hatua.

"Alisalimia?"

"Hakusalimia. Alisalimiwa. Akaitikia."

"Si niliwaambia?"

"Ulisema tusisalimie!"

"Na kuitikia si kusalimia?"

"Kwetu si."

Tukatazamana, wanawake wawili, kila mmoja na adabu yake. Nilitaka kumzaba kofi. Nadhani naye alitaka.

Kisha akasogea, akaniongelea sikioni. Luqmani arudi kule. Amtafute. Amwamkie yeye, kwa kumshika, kama alivyoshikwa. Akiitikiwa, kila mtu anarudi na chake.

"Mmewahi kufanya hivyo?"

"Tunaambiwa," akasema. "Sisi hatuitikii, kwa hiyo hatujawahi kuhitaji."

Kulipokucha nikamdanganya Jumbe kwamba kijana ameteguka mguu, nampeleka kwa mganga wa mifupa. Tukaondoka wawili. Luqmani aliyeruka mizizi jana sasa alikuwa anakokota, lakini hakujikwaa. Hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi, analia bila sauti, na miguu inachagua pa kukanyaga yenyewe. Ilijua kila jiwe. Ilikuwa inakwenda kwao.

Ilitupeleka kileleni.

Alikuwa amekaa juu ya lile jiwe lililotokeza, ametupa mgongo. Kuni hazipo. Mikono ya kikongwe, shingo ya kikongwe. Miguu inaning'inia hewani, inabembea. Miguu ya kijana. Chini ya kifundo cha kulia kuna kovu la chupa. Kovu lile nililifunga mimi, kwa kitambaa changu, Luqmani ana miaka saba.

Nikamsukuma. "Nenda."

Akatambaa. Akafika. Akaishika miguu yake mwenyewe kwa mikono yake mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

Upepo ulisimama. Kikongwe aliacha kubembea. Akageuza kichwa taratibu, akamtazama, akampita, akanitazama mimi. Meno yake yalikuwa mapya.

"Huku," akasema kwa mnong'ono, "hatusalimiani."

Akasimama. Akakimbia. Aliteremka mlima kwa mbio za Luqmani, lile bega la kushoto limeinama, zile chenga zake, kushoto, kulia, kushoto, akaingia ukunguni. Alikuwa peku. Tulisikia njumu. Tulizisikia juu ya mawe. Kisha tulizisikia juu ya maji, zikienda, hazizami.

Jumamosi Luqmani alicheza. Nilimkataza, akanijibu kwamba akikaa nyumbani ni mkonge, akicheza ni mkonge, bora acheze. Alijaza matambara ndani ya njumu ili zimkae. Uwanja ulikuwa umejaa mpaka juu ya ukuta. Mpira wa kwanza ulimjia vizuri, mtoto mdogo angeufunga. Luqmani aliupita. Hakuutazama. Miguu iligeuka, ikaelekea magharibi, kwenye milima, ikamtoa uwanjani mbele ya watu wote, ikampitisha katikati ya mashabiki, kiwiliwili kimepinda nyuma kama mtu anayekokotwa na mbwa.

Watu walicheka kwanza. Halafu wakaacha.

Waliotoka Dar es Salaam waliondoka kabla ya mapumziko. Mjini kila mtu alikuwa na mchawi wake. Wengine walisema ni kamati ya ufundi ya timu pinzani, maana timu zetu hizi kamati hiyo haina fundi hata mmoja ila wa hirizi. Wengine wakazilaumu njumu, ati marehemu Mzungu amefuata viatu vyake. Nikawaacha. Ningewaambia nini? Kwamba kijana wangu ameponzwa na adabu?

Nilimfungia ndani. Miguu haikulala. Yeye akilala, amechoka, mdomo wazi, yenyewe inatembea chini ya shuka, kish, kish, kish, inakwangua godoro. Shuka likilowa nalianika, likikauka linalowa. Akaanza kukonda kuanzia juu. Siku moja aliniambia, "Mama Mkubwa, wala haiumi. Ina haraka tu."

Nilikwenda sokoni asubuhi, nikachelewa kwa sababu siku hiyo sabuni ilikuwa imeletwa na foleni ilizunguka mtaa. Niliporudi komeo lilikuwa limefunguliwa kwa ndani. Uwanja nilikuwa nimeufagia kabla ya kutoka, kwa hiyo ulisema wazi. Nyayo za peku, ndogo, zimechanika visigino, zinatoka mlangoni, zinakata kona, zinaelekea barabara ya Muheza. Nilizifuata mpaka lami ilipozimeza. Njumu zilibaki chini ya kitanda. Sikuwahi kumwona tena.

Mama Kristofa alileta salamu kwa dereva wa lori: hakuna aliyeonekana kuvuka gogo. Ila vijana wa kijijini wana kiwanja chao huko juu, na asubuhi zenye ukungu wanakuta kimechezewa. Alama za njumu tele. Mtu mmoja.

Hayo ya zamani. Sukari sasa ipo mpaka inatupwa, na watoto wa mjini wanakwenda kupanda Mafiga kwa raha zao, na mabegi mgongoni, wanapigana picha juu ya lile jiwe. Kombo alirudi kwao Pemba kwenye karafuu. Alinitembelea mara moja, akanipa mkono, akakaa, akaondoka, hakutamka salamu. Nikamwelewa. Mtaani wanasema Bi Mwatum ana kiburi, anaamkiwa haitikii. Waseme. Mimi mtu akiniambia shikamoo nautazama mguu wake kwanza. Nikiona ni wake, naitikia. Uzee wangu wote nimeutumia kutazama miguu ya watu.

Ndio maana nimeandika leo, kwa hati yangu hii ya ngumbaru, niliyojifunza ukubwani, kabla sijaanza kujidanganya.

Leo asubuhi jua lilikuwa limeshatoka. Wajukuu wamekwenda shule. Nilikuwa nimefagia uwanja, nimerudi ndani, nimesimama nyuma ya mlango peku, natafuta kandambili zangu. Hakuna aliyebisha hodi.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

Ilikuwa sauti yake. Haijazeeka hata siku moja. Ilitoka chini, karibu na sakafu.

Nilishika komeo.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

Kama ni Luqmani, mwana wa Chiku niliyemlea kwa uji, amekuja nyumbani, na neno moja tu la kwangu linamtosha. Kuitikia ni faradhi. Ulimi ulikuwa umeshainuka. Nikauuma. Nikauuma mpaka nikasikia chumvi.

Ikaita tena, polepole. Halafu kimya.

Nilikaa muda mrefu. Nilipofungua hapakuwa na mtu. Uwanja umefagiliwa, michirizi ya ufagio iko vile vile, hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka. Ila hapo mbele ya mlango, alama mbili za njumu, vidole vimeelekea ndani, zimezama mbele kama za mtu aliyechuchumaa.

Na njumu zenyewe ziko chini ya kitanda. Nimekwenda kuzitazama. Zipo.

Juu ya kizingiti, kwenye saruji, pana viganja viwili vya maji. Nimevifuta kwa kanga. Vimelowa tena. Vidole vimepita chini ya mlango, vikaingia ndani, virefu kuliko vidole vinavyopaswa kuwa, na vimeishia upana wa unywele tu kutoka pale ilipokuwa miguu yangu.